Salamu za Jumamosi

Pale Ogwedhi mtu hakuhitaji kugeuza shingo ili ajue kwamba Nyasuguta amefika sokoni. Alimsikia. Nyasuguta alianza kusalimu akiwa bado ng'ambo ya barabara, kikapu cha ndizi kichwani, na kufikia kibanda chake alikuwa ameshauliza kama ng'ombe wa huyu amepona, kama mtoto wa yule ameota meno, na mvua ya jana iliwakuta wapi wale wa bondeni. Mjaluo alisalimiwa kwa Kijaluo, Mkuria kwa Kikuria, na Mmasai aliyeleta ndama mnadani alipewa yale maneno matatu manne ya Kimasai ambayo Nyasuguta alikuwa nayo, akayajibu huku akicheka. Mgeni ambaye kabila lake halikujulikana alipewa Kiswahili. Hakuna aliyepita hivi hivi.

Hakuzaliwa nayo tabia hiyo. Alikuja kutoka Kisii akiwa bibi arusi mwembamba, mumewe akiwa fundi wa cherehani aliyesikia kwamba karibu na mnada wa ng'ombe hapakosi kazi. Mume alifariki mapema, Ombui, mtoto wao wa pekee, akiwa bado ananyonya. Jamaa wa Kisii walimwambia arudi nyumbani. Hakurudi. Kisha ikaja ile miaka ya wasiwasi, watu walipoanza kutazamana kwa kabila, na wachuuzi wageni wakafunga mizigo yao mmoja mmoja. Asubuhi moja Nyasuguta alimfunga mtoto mgongoni akapita mlango kwa mlango, akisalimu. Hakuongeza neno lingine. Wengi hawakuitikia.

Wa kwanza kuitikia alikuwa Bhoke, mama mmoja wa Kikuria aliyekuwa akipepeta wimbi uani kwake. Bhoke aliweka ungo chini, akamwambia kwamba salamu ile ameikosea, ya asubuhi haisemwi hivyo, akamfundisha upya pale pale, tena na tena, mpaka mtoto mgongoni akaamka. Kesho yake Nyasuguta aliisema vizuri, na mlango wa pili ukaitikia, na wa tatu. Hivyo ndivyo alivyobaki Ogwedhi. Ndizi zilimlisha, lakini salamu ndizo zilizompa mahali pa kuketi, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa Ombui ni mtu mzima, anafanya kazi Migori mjini. Bhoke amezeeka, nyonga ilimvunjika alipoteleza kwenye tope, na tangu hapo kitanda ndicho kiti chake. Alibatizwa akiwa tayari ana wajukuu, lakini aliishika imani kama mtu aliyechelewa safari na sasa hataki kuachwa. Mwanawe Matiko, mnunuzi wa ng'ombe, alibaki na njia za wazee wake. Hawakugombana kwa hilo. Jumapili mama alisali, na mwana alihesabu mifugo.

Kanisa la pale ni kigango tu, kuta za matofali na paa la mabati. Padre hufika mara moja kwa mwezi, anaungamisha, anasoma Misa, anakimbilia kigango kingine. Jumapili zinazobaki, Elkana katekista huongoza Ibada ya Neno. Kwa hiyo wagonjwa walikuwa wakikaa muda mrefu bila Komunyo, na ndiyo sababu wanajumuiya walipoambiwa wamchague mtu wa kufunzwa awe mhudumu wa Ekaristi, wa kuwapelekea wagonjwa Komunyo majumbani, jina lilitoka midomoni mwao wote pamoja. Nani anayejua kila mlango kama Mama Ombui?

Akaenda parokiani kufunzwa pamoja na wenzake wa vigango vingine. Padre aliwaeleza mengi, lakini moja lilimwingia Nyasuguta likakaa. Ukishambeba Yesu, Padre alisema, unakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Husimami dukani, huzungumzi njiani, moyo wako uwe kwake.

Wenzake walilisikia neno hilo kama watu wanavyosikia mengi kwenye semina. Nyasuguta alilichukua lote. Aliujua mdomo wake.

Jumapili ya kwanza alitoka kanisani na kikopo kidogo cha duara cha kubebea Komunyo, kinachong'aa kama sarafu mpya, ndani ya kifuko cheupe shingoni. Njia ya kwenda kwa Bhoke inapita katikati ya soko. Na Jumapili soko lile limechangamka, kwa sababu Wasabato wamepumzika Jumamosi na leo wamefungua kila kitu. Nyasuguta akapita. Hakutazama kushoto, hakutazama kulia. Kifuko kilikuwa kifuani pake kama mtoto mchanga aliyelala, naye akatembea vile mama anavyotembea akiwa na mtoto wa namna hiyo, akiogopa hata kukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Ogwedhi alisikia nyayo zake mwenyewe. Alishangaa jinsi moyo unavyoweza kuketi chini na kutulia hata pale penye kelele za bei.

Lakini watu hawakusikia utulivu wa moyo wake. Walichosikia ni kimya. Machuki, Msabato anayeuza viatu vya mitumba kibanda cha pili kutoka chake, ambaye wametaniana tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alimwita mara mbili, kisha akawauliza wateja wake kama Mungu wa Jumapili ndiye aliyemnyang'anya jirani yake sauti. Wakacheka. Wengine hawakucheka. Walisema cheo cha kanisani kimempanda kichwani, na kwamba mtu akianza kuwapita watu aliokula nao, ujue bado kidogo awasahau.

Alipotoka kwa Bhoke, kikopo kikiwa kitupu, alirudi na njia ile ile akisalimu kwa nguvu, kama anayefukuza mbuzi waliomtoroka. Machuki aliitikia, ila alimwambia salamu hiyo imepoa, angeileta asubuhi ikiwa moto. Nyasuguta akacheka akaketi kwenye kibanda chake. Alidhani yameisha.

Jumapili ya tatu, Matiko alikuwa nyumbani. Zile mbili zilizotangulia alikuwa safarini upande wa Narok kutafuta ng'ombe, wala hakujua mama yake anatembelewa kwa namna gani. Siku hiyo alikuwa na wageni wazito, wakwe waliokuja kwa mazungumzo ya binti yake. Alikuwa amesimama nao kwenye lango la boma alipomwona Nyasuguta akija, yule yule wa kelele, mwanafunzi wa mama yake. Akafurahi. Akawaambia wakwe kitu, wakatabasamu wakingoja kusikia Mkisii anayejua Kikuria. Matiko akanyoosha mkono.

Nyasuguta akaupita.

Mkono ule ulibaki umenyooshwa mbele ya wakwe, na hakuna aliyejua atazame wapi. Ndani, Nyasuguta alimpa Bhoke Komunyo, akasali naye, na moyo wake ulikuwa tayari unamwambia kwamba nje kuna kitu kimevunjika. Alipotoka akaanza salamu kamili, ya mtu na mke wake na watoto na mifugo. Matiko aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo. Hakupaza sauti.

"Mama Ombui, salamu hiyo ulifundishwa katika ua huu huu. Leo umenipita mbele ya wakwe zangu kama ng'ombe anavyokipita kisiki. Ukija na ndizi zako, lango liko wazi. Ukija na hicho kinachokufunga mdomo, usije."

Jumapili iliyofuata lango lilikuwa limezibwa kwa matawi ya miiba. Nyasuguta akasimama nje. Hakuweza hata kubisha hodi, maana hodi nayo ni maneno, na kifuko kilikuwa shingoni. Alisimama pale, jua likimchoma kisogoni, akitazama mlango wa nyumba ya Bhoke ambao ulikuwa karibu hata angeweza kuurushia jiwe. Kisha akageuka. Akarudi na alichokibeba mpaka kanisani, Elkana akakiweka tena katika tabernakulo, na ndipo machozi yakapata ruhusa.

Wiki hiyo Robi, mke wa Matiko, alikuja kununua ndizi. Alizichagua polepole kuliko ilivyohitajika, akaeleza akiwa ameinamia kikapu. Mama mkwe, alisema, huwa hanywi hata uji siku ya Jumapili mpaka apokee. Ndivyo alivyozoea tangu alipobatizwa, na hakuna wa kumwambia kwamba mgonjwa halazimiki kufunga. Sasa Jumapili ile alikaa na njaa akingoja. Kila akisikia mlango alifuta midomo. Jua likazama, akasema basi labda Jumapili bado, watu wamehesabu vibaya. Uji alikunywa kesho yake, vijiko viwili. Robi alisema amebaki mwepesi kitandani, ukimgeuza ni kama kugeuza nguo.

"Na Matiko?" Nyasuguta aliuliza.

Matiko alikuwa akilala vibaya, Robi alisema, lakini ameshatamka mbele ya wakwe. Angeanzia wapi kulifungua?

Nyasuguta alikwenda kwa Elkana. Katekista alikuwa mtu mpole mwenye kupenda kumaliza mambo, akamwambia Padre hakukusudia awe jiwe. Anaweza kutikisa kichwa, anaweza hata kumpa mtu mkono kwa heshima akaendelea na safari. Nani angemlaumu?

"Katekista, wewe hunijui?" Nyasuguta alisema. "Nikianza na kichwa, mkono utafuata. Mkono ukishafuata, mdomo hauombi ruhusa. Kabla sijafika kwa Bhoke nitakuwa nimeshanunua kabichi."

Elkana alicheka, kwa sababu ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo Nyasuguta hakumwambia. Ule mwendo wa kimya alikuwa ameupenda. Wiki nzima alikuwa wa watu wote, na hakujuta, lakini kile kipande cha njia kilikuwa cha wawili tu. Kukitoa kulimuuma. Na kumwacha Bhoke afe akingoja, yule aliyemfungulia Ogwedhi kwa neno moja, hilo lilimuuma zaidi. Alilala na mambo hayo mawili, akaamka nayo.

Ijumaa alasiri Machuki alikuwa akikusanya viatu vyake mapema, kama Wasabato wote wafanyavyo kabla jua halijazama. Alipita kwa Nyasuguta kuchukua ndizi za kupika.

"Nipe zilizokomaa vizuri," alisema. "Mama watoto anapika leo cha kesho. Kesho moto hauwaki kwetu, lakini hakuna anayelala njaa."

Nyasuguta alishika ule mkungu asiutoe. Machuki akamuuliza kama sauti imempotea tena, na leo si Jumapili.

"Cha kesho mnakipika leo," alisema Nyasuguta taratibu.

"Tangu zamani. Ninyi mnaokula moto kila siku ndio hamjui."

Alimpa ndizi akamwongezea mbili.

Jumamosi hakufungua kibanda. Alijifunga leso yake nzuri akaanza upande wa juu wa soko, kwa wauza mboga, akampa kila mtu salamu ya siku hiyo, kisha akampa nyingine. Hii ni ya kesho, alieleza. Kesho asubuhi nitapita hapa nikiwa na mgeni, na nikiwa naye mdomo wangu si wangu. Kwa hiyo chukua salamu yako leo, wewe na watoto, na kesho ukiniona nimenyamaza ujue sijakunyima, nilishakupa. Wengine walicheka, wakamwuliza kama salamu hailali ikachacha. Mama mmoja Mjaluo anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alisema yeye atachukua mbili, maana Jumamosi ijayo atakuwa Karungu. Nyasuguta akampa mbili.

Ili kuwafikia Wasabato ilimbidi awangoje nje ya kanisa lao. Walipotoka na nguo zao safi, wakamkuta Mkatoliki amesimama kwenye geti kama anayepanga foleni, na minong'ono ikaanza. Machuki alikuja na tai yake, uso umejaa furaha.

"Mama Ombui, leo umepotea njia au ndiyo umeipata?"

Akamweleza. Machuki alisikiliza mpaka mwisho, na ule utani ukamtoka usoni kidogo kidogo. Alimwuliza kama wazo hilo amelitoa kwenye ndizi za jana. Nyasuguta alikubali. Machuki akawageukia wenzake akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyealikwa kwenye jambo la heshima, wakae mkao wa kusalimiwa.

Boma la Matiko alilibakiza mwisho. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na miiba ilikuwa imevutwa pembeni kwa sababu haikuwa Jumapili. Alibisha hodi. Aliisema kwa Kikuria, kwa sauti yake yote, na kutoka kitandani sauti nyembamba ya Bhoke ikaitikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Matiko alimletea kigoda. Hakuna anayemnyima mtu kigoda. Nyasuguta akamsalimu yeye, mke, watoto, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, majani, mto, na wakwe waliorudi kwao. Ilikuwa salamu ndefu ambayo hata Bhoke mwenyewe labda hakuwahi kuimaliza. Matiko aliitikia kila kipande kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Salamu ilipokwisha, Nyasuguta akasema alichokuja kusema.

"Mzee, siku ile sikuwa peke yangu. Nilikuwa nimemleta mgeni wa mama yako. Kunyamaza kwangu si kosa, ndiyo heshima yake huyo mgeni. Kosa langu ni lingine. Nilimwingiza mgeni katika boma lako bila kukuarifu wewe mwenye boma. Nani anafanya hivyo? Kwa hiyo nimekuja leo kukuarifu. Kesho, mama yako ana mgeni."

Matiko alichora chini kwa fimbo yake. Kuku walipita katikati yao. Alipoinua uso aliuliza jambo moja tu.

"Na huyo mgeni husalimiwaje?"

"Watu husimama. Anapopita, wanasimama. Inatosha."

Hakusema lango litafunguliwa. Hakusema halitafunguliwa. Nyasuguta alikwenda zake asijue, na Jumapili alipotoka kanisani na kifuko shingoni, miguu ilikuwa mizito kuliko siku zote.

Soko lilikuwa limejaa. Alipoingia kwenye kona ya kwanza, yule mama wa omena alisimama. Wauza mboga wakasimama, mmoja akiwa bado na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi. Machuki alikuwa akimvalisha mteja kiatu. Alivua kofia yake. Mteja akalalamika, mguu mmoja ndani mmoja nje, na Machuki akamwambia kwa sauti ya chini, "Subiri mgeni apite." Naye Machuki si wa Jumapili, wala hakukusudia kuwa.

Nyasuguta hakutazama kushoto wala kulia. Lakini mtu huona hata asichokitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Alipokaribia mwisho wa soko, pale ambapo wachungaji huketi na mifugo yao na hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote, alisikia kengele. Ilikuwa ile kengele nzito ya chuma anayofungwa ng'ombe anayeongoza kundi, ili wengine wamfuate na walio njiani wapishe. Matiko alikuwa amesimama katikati ya njia akiishika mkononi. Alikuwa amevaa koti lake la mazungumzo ya mahari. Hakunyoosha mkono, hakusema neno. Aligeuka akampa mgongo, akaanza kutembea mbele yake, akiipiga polepole kwa hatua zake. Wachungaji waliisikia wakavuta ng'ombe wao pembeni, kwa mazoea tu, wakitafuta kwa macho kundi linalokuja. Walimwona mzee mwenye koti na mama aliyenyamaza. Wakasimama.

Lango lilikuwa wazi. Miiba ilikuwa imechomwa, pakabaki doa jeusi kwenye nyasi. Robi alikuwa ametandika shuka nyeupe, na kwenye kigoda kando ya kitanda palikuwa na mshumaa na glasi ya maji. Bhoke alikuwa ameshafuta midomo.

Mhudumu anapoingia kwa mgonjwa ana maneno ya kuanzia. Ndiyo maneno ya kwanza kutoka kinywani mwake tangu aondoke altareni. Nyasuguta alikuwa ameyasema mara zote, lakini Matiko hakuwahi kuyasikia, kwa kuwa mara mbili alikuwa safarini na ya tatu alibaki nje. Safari hii alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ulimi wa kengele kwa vidole usije ukalia.

"Amani iwe katika nyumba hii," Nyasuguta alisema, "na kwa wote wanaoishi humu."

Bhoke alimtazama mwanawe kutoka kwenye mto.

"Wewe si ulikuwa unadai salamu?" alimwambia. "Hiyo imekuja. Iitikie."

Matiko hakujua jibu la Wakristo. Aliitikia kwa Kikuria, lile jibu la mwenye boma anayempokea mgeni wake, na Bhoke akasema inatosha, inatosha sana. Kisha akafumba macho akafungua kinywa.

Alipomaliza kusali alibaki amefumba macho, mpaka Robi akasogea kumtazama. Bhoke akafumbua jicho moja akauliza uji uko wapi, au nao unangoja Padre.

Nyasuguta alitoka uani na kikopo kitupu. Matiko alikuwa akiifunga ile kengele kwenye msumari ukutani, mahali ambapo haikuwa ikikaa zamani, karibu na mlango wa mama yake. Aligeuka, akanyoosha mkono. Nyasuguta akaupokea kwa mikono yake miwili, na hakuuachia mpaka alipokuwa amemwuliza habari za yule ng'ombe mwekundu, na za ndama wake, na za majani ya kule bondeni, na Robi kutoka ndani akaita kwamba uji wa wageni nao unapoa.